Minervali ya chuo kikuu Marekani: juu ya nini jimbo linabadilisha bei

Jamaa nyingi za Wakongomani wanaoishi Marekani wanauliza: chuo ni kile kile cha serikali, darasa ni lile lile, mbona mtoto wa jimbo lingine analipa mara mbili, hata mara tatu? Sababu ni kodi. Serikali ya jimbo inasaidia chuo chake, basi wenyeji wanapunguziwa.

Na mwenyeji si yule aliyefika jana na valizi. Majimbo mengi yanadai miezi 12 ya kukaa pale, tena si kwa ajili ya masomo tu. Anayetoka Bukavu ao Uvira na viza ya mwanafunzi, kwa kawaida anahesabiwa mgeni mpaka mwisho.

Zidisha tofauti ya mwaka mara nne. Ikiwa ni dola 15,000, hiyo ni 60,000, na mara nyingi ni deni. Kwa uuguzi ao ualimu, ambayo jimbo lenu linafundisha vizuri, sisi hatuoni faida. Kama fani haipatikani kwenu, hapo kuna la kufikiri. Majimbo ya magharibi yana mapatano ya Western Undergraduate Exchange: mtoto wa jimbo mwanachama halipi zaidi ya asilimia 150 ya bei ya mwenyeji. Lakini si kila chuo kimo, wala kila fani, ulizeni mapema.