Tarehe Mbili katika Cheti Kimoja: Usajili wa Kuchelewa wa Vizazi nchini India na Ushahidi wa Kuzaliwa katika Uhamiaji, 1886–2023

Cheti cha kuzaliwa cha India hubeba tarehe mbili: siku mtu aliyozaliwa na siku kuzaliwa kwake kulikoandikwa katika rejista. Tarehe hizo zikikaribiana, afisa wa uhamiaji hana sababu kubwa ya kukisimamisha cheti. Zikitengana kwa miaka 20 au 30, mwombaji huanza kuulizwa maswali ambayo huenda wazazi wake tu wangeweza kuyajibu, na pengine wazazi hao wamekwisha kufariki. Makala haya yanadai kuwa shaka hiyo imeelekezwa mahali pasipo pake. Cheti cha kuchelewa hakipaswi kusomwa kama cheti cha kawaida kilichopungukiwa nguvu. Ni hati ya aina nyingine, yaani uamuzi uliotolewa juu ya maneno ya mashahidi, na historia ya dola ya India ndiyo iliyoufanya uamuzi huo uwe wa lazima.

Usajili wa vizazi chini ya utawala wa Waingereza haukubuniwa ili kumpatia mtu utambulisho. Baada ya tume ya kifalme iliyochunguza afya ya jeshi nchini India kutoa ripoti yake mwaka 1863, maafisa wa afya walihitaji kujua ni watu wangapi wanazaliwa na wangapi wanakufa katika kila wilaya. Katika maeneo mengi ya vijijini kazi ya kuleta habari hizo iliwaangukia walinzi wa vijiji, walioitwa chaukidar, ambao walizipeleka katika kituo cha polisi. Bengal ilipata sheria yake ya usajili mwaka 1873. Sheria ya mwaka 1886 iliweka utaratibu mpana zaidi, lakini usajili wenyewe ulikuwa wa hiari na uliwalenga hasa Wakristo na jamii nyingine chache. Kilichotafutwa ni hesabu. Kama mtoto wa mkulima wa Punjab angehitaji siku moja kuthibitisha mahali alipozaliwa mbele ya serikali nyingine, hilo halikuwa jambo la kumshughulisha mlinzi wa kijiji wala bwana afya.

India huru ilirithi mpangilio huo na ikachukua zaidi ya miongo miwili kuubadilisha. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika katika majimbo mengi tarehe 1 Aprili 1970, ndiyo iliyofanya usajili kuwa wajibu nchini kote. Kifungu cha 13 kilikiri waziwazi kuwa wengi wangechelewa. Baada ya siku 21 za kawaida, anayechelewa hadi siku 30 hulipa ada. Anayefika kabla ya mwaka mmoja alihitaji kibali cha maandishi na hati ya kiapo. Anayevuka mwaka mmoja alitakiwa kwenda kwa hakimu, naye hakimu alipaswa kujiridhisha kuwa kuzaliwa huko ni kweli kabla ya kuamuru kuandikwe. Kifungu cha 14 kiliruhusu mtoto asajiliwe bila jina, nalo liongezwe baadaye. Ruhusa hii ilikuwa ya busara, kwa kuwa familia nyingi hungoja sherehe ya kumpa mtoto jina, lakini iliacha rejista zenye jina la baba, jinsia na tarehe tu. Mtu angeweza kuwa amesajiliwa kwa wakati na bado akakosa cheti chenye jina lake.

Sheria kuwapo na sheria kutekelezwa ni mambo mawili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa mwaka 2005–06 ulionyesha kuwa vizazi vya asilimia 41 tu ya watoto wa chini ya miaka 5 ndivyo vilivyokuwa vimesajiliwa. Miaka 10 baadaye kiwango hicho kilifikia asilimia 80. Kwa hiyo, Mhindi mwenye umri wa miaka 25 anayeomba viza leo alizaliwa katika kipindi ambacho kutosajiliwa lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Upande wa pili wa kaunta mambo yalikwenda kwa kasi tofauti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 ilifungua njia ya uhamiaji wa kifamilia kwa watu wa Asia, na kwa kufanya hivyo iliufanya undugu na umri kuwa mambo ya kuthibitishwa kwa karatasi. Ndugu anayemwombea ndugu yake lazima aonyeshe kuwa wana mzazi mmoja; mtoto aliyefikisha miaka 21 hutoka katika kundi moja na kuingia katika jingine, hivyo miezi michache huweza kuigawa familia. Kanuni za Marekani husema kuwa hati inayotakiwa isipokuwapo, mwombaji huchukuliwa kuwa hastahili hadi athibitishe vinginevyo. Kwanza atalete ushahidi wa daraja la pili, kama kumbukumbu za shule au za kanisa. Huo nao ukikosekana, alete viapo vya watu wawili au zaidi wasiohusika na ombi, wanaoijua habari ya kuzaliwa wao wenyewe. Kwa Wahindi huongezeka cheti cha msajili kinachotamka kuwa kumbukumbu haipatikani. Ni serikali inayothibitisha kwa muhuri kwamba haikuandika.

Ushahidi wa shule unastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyika. Kwa miongo mingi cheti cha kumaliza elimu ya sekondari kimekuwa uthibitisho mkuu wa umri nchini India, na afisa wa ng'ambo hukipokea kwa heshima kwa sababu kilitolewa zamani, kabla ya ombi la uhamiaji kufikiriwa. Lakini tarehe iliyomo ilitoka wapi? Mara nyingi iliandikwa na mwalimu siku mtoto alipopelekwa shule, kwa kauli ya mzazi asiyeikumbuka siku hasa, au kwa kukadiria ili mtoto atimize umri wa kuanza darasa. Ndiyo maana Wahindi wengi wana tarehe ya kuzaliwa ya kwanza ya Juni au ya kwanza ya Julai, yaani karibu na majira ya kufunguliwa kwa shule. Wazazi wengine walipunguza mwaka mmoja au miwili kwa kuangalia ukomo wa umri katika ajira za serikali.

Miaka 30 baadaye mtu huyo anapokwenda kuomba usajili wa kuchelewa, karatasi anayoiweka mezani ni hiyohiyo ya shule. Amri hutolewa, cheti huandikwa, na afisa wa uhamiaji huona hati mbili zinazokubaliana. Mwanahistoria yeyote angeonya hapo: chanzo kimoja kimehesabiwa mara mbili. Kinyume chake, mwombaji aliyefuata kauli ya mama yake, au ya mkunga, au tarehe iliyo katika chati ya nyota iliyoandikwa na mnajimu wa familia pamoja na saa ya kuzaliwa, hufika na hati mbili zinazopingana. Huyo ndiye anayeshukiwa. Hawezi pia kuisahihisha kwa urahisi tarehe ya shule, kwani Mahakama ya Juu ya India imekataa mara kadhaa kuwaruhusu watumishi wa umma kubadili tarehe zao wakiwa karibu na kustaafu. Kwa maoni ya mtafiti, hapa pana kasoro kubwa kuliko zote katika utaratibu mzima: upatanifu wa karatasi umechukua nafasi ya ukweli, na anayesema kweli ndiye anayegharimika.

Uingereza ilijaribu kuikwepa karatasi na kuuuliza mwili. Katika miaka ya 1970 watoto kutoka bara dogo la India walioombewa kuungana na baba zao walipigwa eksirei ya mifupa ili kukadiria umri, ingawa kipimo hicho kina kosa la miaka kadhaa na hakikuwa na manufaa yoyote ya tiba kwa mtoto. Serikali iliuacha utaratibu huo mwaka 1982. Kuanzia mwaka 1985, shauri la kijana wa Ghana lilipoamuliwa kwa msaada wa vinasaba, njia nyingine ilipatikana. Hata hivyo vinasaba hutaja mzazi ni nani. Havisemi mtoto alizaliwa mwaka gani.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya mkondo huu. Katiba ya uhuru ya Kenya ya mwaka 1963 ilimpa uraia wa moja kwa moja aliyezaliwa nchini ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi wa Gujarat alipaswa kuomba. Swali la mahali mzazi alipozaliwa likawa swali la uraia. Wagoa wa Mombasa na Zanzibar walikuwa na bahati tofauti: Goa ilikuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961, usajili wa kiraia ulikuwa wa lazima huko, na hadi leo waliozaliwa kabla ya tarehe 19 Desemba 1961 huweza kuombea kumbukumbu zao ziingizwe katika rejista ya Lisbon. Kilomita chache za mpaka wa kikoloni zilitosha kuamua nani ana karatasi.

Mwaka 2017 bodi ya rufaa za uhamiaji ya Marekani, katika shauri lililohusu cheti cha Pakistan, iliamua kuwa cheti kilichosajiliwa baadaye kipimwe pamoja na ushahidi wote na mazingira ya shauri. Pakistan na India zina urithi mmoja wa usajili, na hoja hiyo inazifaa zote mbili. India nayo ilirekebisha sheria yake mwaka 2023: wanaochelewa zaidi ya mwaka mmoja sasa hupelekwa kwa hakimu wa kiutawala, na kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 cheti cha kuzaliwa ndicho uthibitisho wa tarehe na mahali pa kuzaliwa katika kuingia shule, leseni ya udereva, daftari la wapiga kura na mambo mengine yaliyotajwa. Waliozaliwa siku moja kabla wamebaki na rejista ya shule, viapo vya wazee, na cheti chenye tarehe mbili. Wa mwisho wao watakuwa bado wanajaza fomu za uhamiaji karne hii ikielekea ukingoni.