Falsafa Nje ya Seminari: Mitandao na Mikutano ya Wanawake Wanafikra, Gisenyi na Maziwa Makuu

Utangulizi

Tarehe 20 Septemba 1976, marais watatu walikutana Gisenyi, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, wakatia saini mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake cha Kifaransa, CEPGL. Walikuwa Juvénal Habyarimana wa Rwanda, Mobutu Sese Seko wa Zaire na Michel Micombero wa Burundi. Wiki sita baadaye Micombero alipinduliwa, lakini mkataba ulibaki, makao makuu ya jumuiya yakawa Gisenyi, na mji huo mdogo wa mpakani ukapata hadhi ya kuwa mahali ambapo eneo zima hukutana kujadili mambo yake. Waliojadili walikuwa wanaume. Hata hivyo, hati za kusafiria zilizotokana na jumuiya hiyo ziliwarahisishia safari wanawake wa pande zote za mpaka, wakiwamo wale waliokuja kukutana kwa ajenda ambazo watia saini hawakuzifikiria.

Makala hii inashughulikia swali ambalo watafiti wa falsafa katika Afrika Mashariki hulipita haraka: kwa nini eneo hili halikuzaa chama cha kitaaluma cha wanafalsafa wa kifeministi, ilhali limezaa mitandao ya wanawake yenye nguvu kupita kiasi cha kawaida? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba fikra hizo zilikuwapo na zilikuwa na mikutano yake, ila hazikupitia mlango wa taaluma kwa sababu mlango huo ulijengwa mahali ambapo mwanamke hakuruhusiwa kuingia. Matokeo ya jambo hilo si ya kihistoria tu. Mpaka leo yanaathiri nani anayeitwa mtaalamu, na maandishi ya nani yanahifadhiwa.

Mlango na waliouweka

Nchini Rwanda, falsafa kama somo ilifundishwa kwanza seminarini. Seminari kuu ya Nyakibanda ilifunguliwa mwaka 1936, miaka 27 kabla ya Chuo Kikuu cha Taifa kuanza Butare mwaka 1963. Aliyetaka kusoma falsafa alipaswa kuwa mvulana aliye katika njia ya upadri. Alexis Kagame, mwanafalsafa Mnyarwanda anayetajwa kuliko wote, alikuwa padri. Placide Tempels, ambaye kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu kilichochea mjadala mzima, alikuwa mmisionari Mfransisko katika Kongo. Karibu na Gisenyi yenyewe, kilomita chache tu, iko Nyundo, makao ya Aloys Bigirumwami, ambaye mwaka 1952 alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni ya Ubelgiji. Bigirumwami alikusanya na kuchapisha mila, methali na ngano za Wanyarwanda, kazi ambayo mtafiti yeyote wa fikra za jamii hiyo hawezi kuikwepa. Wasichana wa kizazi hicho walipewa mafunzo ya namna nyingine. Katika vituo vya akina mama vya wakati wa ukoloni, masomo yalikuwa ushonaji, upishi na malezi ya watoto.

Hapa kuna kinaya kinachostahili kuangaliwa kwa utulivu. Katika kitabu chake cha 1956, Kagame alijenga nadharia ya kuwapo juu ya ngeli za lugha: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili kusikia mtu, kitu, mahali na namna nyuma ya maneno hayo. Umuntu, kama mtu, hana jinsia. Sarufi ya Kinyarwanda, sawa na ya Kiswahili, humtaja mtu bila kuuliza kwanza kama ni mume au mke. Miongo minne baadaye, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria alitumia sifa kama hiyo ya Kiyoruba kudai, katika kitabu chake cha mwaka 1997, kwamba mgawanyo wa kijinsia kama msingi wa jamii uliletwa na ukoloni. Dai lake limepingwa na wengi, na kwa Rwanda lingehitaji kupunguzwa makali sana, kwani urithi wa ardhi ulifuata upande wa kiume kabla ya Mzungu yeyote kufika. Lakini swali lenyewe lilikuwa wazi tangu 1956: kama umuntu hana jinsia, kwa nini aliyeruhusiwa kumfikiria ni mwanamume peke yake? Ndani ya seminari hapakuwa na mtu wa kuliuliza.

Hali haikuwa tofauti sana Nairobi, ingawa huko falsafa ilikuwa mikononi mwa chuo kikuu. Henry Odera Oruka, katika mradi wake wa hekima uliochapishwa mwaka 1990, alitoka darasani akaenda kuwahoji wenye busara vijijini. Orodha yake ni ya wazee wanaume. Peris Njuhi Muthoni anasimama humo kama mgeni. Njia ya Oruka ingeweza kufungua mlango mpana kwa wanawake ambao hawakusoma. Haikufanya hivyo, na hilo ni pungufu kubwa la mradi ambao kwa mengine unastahili heshima.

Vyama vilivyofanya kazi ya idara

Marekani, wanawake waliofundisha falsafa walianza kuunda vyama vyao mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jarida lao, Hypatia, limesimama lenyewe tangu 1986. Vyama hivyo vilidhani kwamba tayari kuna wanawake ndani ya idara za falsafa wanaohitaji kukutana. Katika Maziwa Makuu dhana hiyo haikuwa na mashiko. Mahali pa kuanzia palikuwa pengine.

Mwezi Julai 1985 Nairobi ilipokea mkutano wa tatu wa dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, pamoja na jukwaa la asasi lililofanyika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuhudhuriwa na zaidi ya watu elfu kumi. Mwaka uliofuata, nchini Rwanda, ulianzishwa Réseau des Femmes, mtandao wa wanawake wanaofanya kazi za maendeleo vijijini. Haguruka, chama cha kutetea haki za wanawake na watoto, kilifuata mwaka 1991, na mwaka 1992 vyama 13 viliungana kuwa Pro-Femmes Twese Hamwe. Ofisi kuu za mitandao hii zilikuwa Kigali. Gisenyi ilikuwa upande wa wanachama, na baadaye upande wa mpaka.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yalivunja vyama hivyo kama yalivyovunja kila kitu. Gisenyi inamkumbuka Félicité Niyitegeka, mtumishi wa Kanisa aliyesimamia kituo cha Saint-Pierre. Yeye mwenyewe Mhutu, alikataa kuwaacha Watutsi waliokimbilia kwake, akauawa pamoja nao mwezi Aprili. Taifa limemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. Falsafa ya maadili hupenda mifano ya kubuni kuhusu nani aokolewe na kwa gharama gani. Kwa hiyo ni ajabu kwamba mfano huu, uliotokea kweli, ndani ya nyumba ya mikutano, haujapata nafasi yake katika mitaala ya maadili ya eneo hili.

Baada ya 1994, Pro-Femmes ilijijenga upya na mwaka 1996 ikapewa tuzo ya UNESCO ya Madanjeet Singh kwa kuendeleza uvumilivu. Kilichofuata ndicho kiini cha suala la makala hii. Wajane na mabinti waliorudi katika mashamba ya waliouawa waligundua kwamba kwa desturi hawakuwa warithi. Mitandao, pamoja na wizara iliyoongozwa na Aloisea Inyumba hadi 1999 na jukwaa la wabunge wanawake lililoanzishwa 1996, ilisukuma sheria ya urithi iliyopitishwa Novemba 1999. Wachambuzi wengi huisimulia hatua hii kama ushindi wa ushawishi wa kisiasa. Ilikuwa zaidi ya hapo. Ili kudai binti arithi, ilibidi kwanza kuhoji ukoo ni nini, na kama anayeolewa huacha kuwa mtu wa kwao. Na kwa kuwa sheria hiyo ililinda ndoa zilizofungwa kiserikali pekee, iliwaacha nje wanawake wengi walioishi na waume bila cheti, hivyo swali likageuka: mke ni nani, na nani mwenye mamlaka ya kumtambua? Sheria ya familia ya 1988 ilikuwa imemtaja mume kuwa mkuu wa kaya. Mpaka 2016 ndipo sheria mpya ilipowaweka wanandoa katika usimamizi wa pamoja. Katika idara ya chuo kikuu maswali haya yangeitwa falsafa ya sheria na falsafa ya nafsi. Katika chama yaliitwa uhamasishaji, na ripoti zikaandikwa kwa namna ya uhamasishaji: idadi ya waliohudhuria, idadi ya vipeperushi.

Si kila kikao cha wanawake ni falsafa, na mtafiti atakayedai hivyo atakuwa anawabembeleza akina mama badala ya kuwasoma. Kikao kinachosoma azimio lililokwisha kuandikwa na mfadhili hakihoji chochote. Kipimo kinachofaa ni kimoja: je, dhana iliingia kikaoni na kutoka ikiwa imebadilika?

Mpaka na lugha yake

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 majumuiko ya vyama vya wanawake wa Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo yaliungana katika COCAFEM/GL. Mwezi Oktoba 2004 wanawake wa eneo walikutana Kigali kuandaa tamko lao kabla ya wakuu wa nchi kukutana Dar es Salaam mwezi uliofuata, na mwezi Juni 2008 Goma ilitoa jina lake kwa tamko la kutokomeza ukatili wa kingono. Wakati huohuo, Jukwaa la Wafeministi wa Afrika lilikutana Accra 2006 na Kampala 2008, likiwa na mkataba uliowataka wanachama kulitamka jina la ufeministi waziwazi.

Mikondo hii miwili haikuchanganyika kwa urahisi. Jukwaa la Accra lilizungumza hasa Kiingereza. Mitandao ya Maziwa Makuu iliandika Kifaransa. Kwenye vizuizi vya Gisenyi na Goma, mkubwa na mdogo, wanawake huongea Kiswahili, pamoja na Kinyarwanda. Dar es Salaam inaonyesha lugha hiyo ilivyoweza kutumika: huko Mabibo, Mtandao wa Jinsia Tanzania umeendesha semina za wazi kila Jumatano, mbali na tamasha lake la jinsia lililoanza mwaka 1996, na mijadala hufanyika kwa Kiswahili. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Msingi wa semina kama ile ya Mabibo kwenye mpaka huu upo kisheria, lakini vita vimeuzuia, hasa tangu Goma ilipotekwa na M23 mwezi Januari 2025.

Jioni iliyobadilishwa jina

Rwanda ina kikao kingine, kidogo na cha karibu zaidi. Kilianza kwa jina la akagoroba k'abagore, jioni ya wanawake: akina mama wa kijiji walikutana kuzungumzia nyumba zao, ugomvi, lishe, watoto walioacha shule. Baadaye wanaume walikaribishwa na kikao kikaitwa jioni ya wazazi, kisha jioni ya familia. Sababu zilizotolewa zina uzito, kwani ukatili wa nyumbani hautatuliwi na mmoja wa wahusika pekee. Lakini kila jina jipya lilimsogeza mwanamke kutoka kwenye nafasi ya mwenye kikao hadi nafasi ya mshiriki. Msemo wa Kinyarwanda humwita mwanamke mutima w'urugo, moyo wa kaya. Kama hiyo ni heshima au ni ukuta, ni swali ambalo wanawake waliweza kulijadili kwa uhuru katika jioni yao wenyewe. Mbele ya mume na mwenyekiti wa kijiji, jibu huwa limekwisha kujulikana.

Kwa washauri wa sera, jambo la kwanza ni kuruhusu kikao cha wanawake peke yao kiwepo sambamba na kile cha familia, bila kuhesabiwa kuwa ni mgawanyiko. La pili linahusu karatasi. Kumbukumbu za mitandao hii zimo katika ofisi za vyama, nyingi za kupanga, katika eneo ambalo mwezi Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya Goma na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakielekea Gisenyi. Nakala zinapaswa kuwekwa pande zote mbili za mpaka, na fahirisi yake iandikwe kwa Kiswahili ili msomaji wa Goma na wa Rubavu waweze kuitumia bila mkalimani. La tatu ni mahojiano na waliokuwamo tangu 1986 na 1992. Veneranda Nzambazamariya, aliyeongoza Réseau des Femmes na Pro-Femmes, alifariki katika ajali ya ndege ya Abidjan mwezi Januari 2000. Wenzake waliobaki sasa ni wazee.