Vyombo vya Bidri: Ufundi wa Njumu Katika Kasri za Deccan

Chombo cheusi chenye tumbo la mviringo, kilichopambwa maua ya fedha, kikiwekwa peke yake katika kabati la makumbusho, mtazamaji hukidhania kuwa ni chombo cha maua. Kumbe ni tumbo la kiko cha maji, ambacho Wahindi hukiita huqqa. Mirija yake imepotea, na pamoja nayo limepotea jina. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba historia ya chombo haiwezi kutenganishwa na historia ya matumizi yake, wala ya maneno yanayokitaja.

Sanaa hii huitwa bidri, kwa jina la mji wa Bidar katika nyanda za Deccan, Kusini mwa India. Bidar ulikuwa makao makuu ya Masultani wa Bahmani tangu karne ya 15, ukatwaliwa na dola ya Mughal katika karne ya 17, na baadaye ukawa chini ya Nizam wa Hyderabad. Tangu 1956 umo katika jimbo ambalo leo huitwa Karnataka.

Msingi wa chombo ni mchanganyiko wa madini, sehemu kubwa ikiwa zinki na sehemu ndogo shaba. Huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga, kisha chombo husuguliwa hadi kiwe laini. Fundi hukipaka maji ya mrututu ili kiwe cheusi kwa muda, apate kuona mistari anayoichora kwa ncha ya chuma. Hapo huchimba mifereji kwa patasi ndogo na kuipigilia nyuzi au vipande vya fedha. Mwisho, chombo hupashwa moto na kupakwa tope la chumvi ya amonia na udongo uliochukuliwa katika ngome kongwe ya Bidar. Madini ya msingi hugeuka meusi daima. Fedha haidhuriki, bali hung'aa zaidi. Kisha hupakwa mafuta. Kiswahili kina neno lake kwa kazi ya namna hii: njumu. Vijana wa leo hulifahamu zaidi kwa viatu vya mpira wa miguu, lakini wazee wetu walilitumia kwa fedha iliyopachikwa katika mbao na silaha.

Ni nani aliyeanzisha sanaa hii? Mapokeo humtaja fundi mmoja kutoka Iran, aliyekaribishwa na watawala wa Bahmani. Simulizi hilo lina mvuto, lakini ushahidi wa vyombo vyenyewe na wa picha za kuchorwa huanza kuonekana wazi katika karne ya 17 tu. Tena, ufundi wa kukeneka zinki kwa wingi ulikuwa wa India yenyewe, hasa Zawar katika Rajasthan. Nayo tumbaku ilitoka Amerika. Asad Beg, mjumbe wa Mfalme Akbar, aliikuta Bijapur mwanzoni mwa karne ya 17, akampelekea bwana wake pamoja na kiko kilichopambwa kwa vito. Kwa hiyo, kumpa mtu mmoja sifa yote ni kuwanyima haki wasubu, wachoraji na wapachikaji wengi ambao majina yao hayakuandikwa.

Katika kasri, vyombo hivi vilikuwa lugha ya adabu. Kiko kilikuwa na mtumishi wake maalumu. Kisanduku cha tambuu, pandan, kilifunguliwa mbele ya wageni, na kutolewa kwa tambuu kulikuwa ishara ya heshima, na aghalabu ishara ya ruhusa ya kuondoka. Palikuwa na birika na beseni la kunawia, tasa la kutemea, na vizito vinne vya kukandamiza pembe za shuka iliyotandikwa sakafuni. Matumbo ya viko vya karne ya 17 yalikuwa ya mviringo kama nazi, yakihitaji pete ya kuyakalia. Katika karne ya 18 yalipata umbo la kengele, yakasimama yenyewe.

Mfano wa nazi si wa bure. Katika pwani yetu pia, kiko asilia kilikuwa kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na sehemu zake zina majina kamili: bori, digali, shilamu. Neno shilamu lina nasaba na chilam ya Kihindi na Kiajemi. Lakini chilam ya India ni bakuli la tumbaku juu ya kiko, ilhali shilamu yetu ni mrija wa kuvutia moshi. Neno limesafiri na chombo, likahama kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Bidri ilionyeshwa London mwaka 1851, na mwaka 2006 ikapewa ulinzi wa kisheria wa jina lake la asili. Mafundi wa Bidar wangali kazini. Miongoni mwa kazi zao, sasa wanatengeneza vyombo vya maua vya kweli. Sanaa imesalia kwa kubadili matumizi. Maneno hayana bahati hiyo. Bori na digali zikibaki katika kamusi bila maelezo ya mahali pake katika kiko, kizazi kijacho kitayasoma kama yule mtazamaji mbele ya kabati. Wajibu wa mwanaleksikografia, basi, ni kukichora chombo kizima kabla ya kulifasili jina la kiungo chake.