Maua ya Uluguru na Chuo Kilichozaliwa Chini Yake

Mwaka 1900, mjini Berlin, mtaalamu wa mimea Adolf Engler alichapisha maelezo ya ua dogo lililotoka katika misitu ya milima ya Uluguru, Morogoro. Alilipa jina Saintpaulia goetzeana kwa heshima ya Walter Goetze, kijana wa Kijerumani aliyelikusanya mwaka 1898 na kufariki mwaka uliofuata akiwa bado safarini kusini mwa koloni la Wajerumani. Ndugu wa ua hilo kutoka upande wa Tanga walikuwa wamekwisha kutangulia Ulaya. Walter von Saint Paul-Illaire aliwapeleka nyumbani kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaiandika jamii nzima kwa mara ya kwanza. Wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani waligundua kwamba jani moja likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu huota na kutoa mche mpya. Kutokana na mimea ya Tanga wakazalisha aina nyingi zisizo na idadi, zinazouzwa hadi leo katika vyungu vya madirishani.

Zanzibar nayo ilitoa ua lake. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyependa mimea kuliko makaratasi, alipeleka katika bustani ya mimea ya Kew, London, ua ambalo mwaka 1882 liliandikwa kwa jina la Sultani: Impatiens sultani. Leo hupandwa kandokando ya njia za bustani duniani kote.

Simulizi hizi hutajwa mara nyingi kama sifa ya nchi yetu, na kweli ni sifa. Lakini mtu anayesomea kilimo cha bustani Morogoro anapaswa kuzitazama kwa jicho jingine. Waliosoma ua la Uluguru kwa kiwango cha juu walilisomea mbali, na kile walichokihifadhi huko hakikudumu. Usiku wa 1 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya mimea mikavu ya Berlin, ikiwa na sampuli nyingi sana kutoka Afrika Mashariki. Mlima wenyewe ulibaki, na watu wake walibaki.

Miongoni mwa waliokusanya mimea Uluguru kabla ya Goetze alikuwa Franz Stuhlmann, aliyepanda milima hii mwaka 1894 hadi uwanda wa juu wa Lukwangule. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti Amani, Usambara, na Stuhlmann akawa mkuu wake wa kwanza. Bustani ya majaribio ya Amani ilijaa miti kutoka pembe zote za tropiki: kahawa, mipira, viungo, miti ya mbao. Kwa hapa kwetu hicho ndicho kilikuwa kituo cha kwanza kilichofanana na elimu ya juu ya bustani. Waafrika walikuwemo humo kama vibarua, wapagazi na waonyesha njia, na majina yao hayakuingia katika majina ya mimea waliyoibeba.

Wakati huo huo elimu nyingine ilikuwa ikikua mlimani bila kuandikwa. Waluguru hurithi ardhi ya ukoo kwa upande wa mama, na mwenye shamba la mteremkoni alijua wapi maji hupita, wapi udongo hukaa na mwezi gani ukungu hushuka. Upande wa mashariki, Matombo na Kinole, mvua ni nyingi, na huko hustawi ndizi, mananasi, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Upande wa magharibi, Mgeta, hali ya hewa ya baridi iliyapokea mazao ya kigeni: kabeji, karoti, njegere, viazi mviringo, hata mapichichi na plamu. Wakulima wa Mgeta walikuwa na matuta yao wenyewe ya ngazi, yaliyojengwa kidogo kidogo kwa kufukia majani na magugu katika mteremko.

Mwaka 1949 serikali ya Waingereza ilikuja na Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Hofu iliyouzaa ilikuwa ya kweli, kwa kuwa udongo ulikuwa ukishuka mitoni na Mto Ruvu unaanzia humu. Lakini dawa ililetwa kwa amri: kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi kwa vipimo vya ofisi. Kazi ilikuwa ya sulubu, na mara nyingi ngazi hizo zilifukia udongo mweusi na kuleta juu udongo mwekundu usiozaa. Mavuno yalipungua pale yalipoahidiwa kuongezeka. Julai 1955 watu wa Matombo walisimama hadharani kuukataa mpango, ghasia zikazuka na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ukafa. Kwangu mimi, hakuna somo la bustani lenye uzito kuliko hilo katika historia ya mkoa huu, na lingefaa kuwa mhadhara wa kwanza wa kila mwanafunzi wa uzamili.

Mwaka 1965 chuo cha kilimo kilifunguliwa Morogoro, kilomita chache kutoka katikati ya mji, mahali ambapo mlima unakutana na tambarare. Miaka michache baadaye kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Misitu iliongezwa mwaka 1974 na udaktari wa mifugo mwaka 1976. Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 eneo la Dakawa, katika mkoa huu huu. Tarehe 1 Julai mwaka huo kitivo kikawa chuo kikuu kamili chenye jina lake, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Maktaba yake ndiyo leo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, na humo zimo tasnifu za uzamili na uzamivu za wanafunzi waliopita.

Miaka ya mwanzo ya kitivo ina jina moja ambalo wanabustani wetu hawalitaji vya kutosha. Tamás Pócs, mtaalamu wa kuvumwani kutoka Hungaria, alifundisha Morogoro kuanzia 1969 hadi 1973, na alipanda Uluguru mara nyingi kupima hali ya hewa na mimea. Alichunguza mimea inayoishi juu ya miti mingine, yaani kuvumwani, kangaga na okidi. Katika msitu mfupi wa kileleni alikuta kama tani 14 za mimea hiyo, uzito mkavu, kwa kila hekta. Katika msitu ulio chini yake, kama tani 2. Mimea hiyo hunywa mvua na ukungu, kisha huyaachia maji polepole. Dar es Salaam inategemea Ruvu, kwa hiyo mtu wa Kariakoo anayefungua bomba anakunywa, kwa sehemu, kazi ya kuvumwani wa Uluguru.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache iliishukia Mgeta. Watafiti waliofika baadaye walihesabu maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi, na yaliyoanzia msituni yalikuwa machache mno. Mizizi mirefu ya miti ilikuwa imeshika kile ambacho kabeji haikuweza kukishika.

Huko Mgeta ndiko elimu ya bustani ya Morogoro ilikopata sura yake, ingawa haikutangazwa hivyo. Miaka ya 1980 mradi wa kilimo cha bustani wa Ufaransa na Tanzania ulifanya kazi Mgeta pamoja na SUA, ukaandika kwa kina jinsi familia zinavyolima huko juu. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walipelekwa miaka hiyo hiyo, na samadi yao ikaingia katika matuta ya mboga. Watafiti walianza kwa kuuliza mkulima anafanya nini na kwa nini.

Ukienda leo kitengo cha bustani cha SUA utakuta miche ya miembe na michungwa iliyobebeshwa: kikonyo cha aina bora kimefungwa juu ya shina la chini, kwa michungwa mara nyingi shina la mlimau. Kazi za wanafunzi wa uzamili hugusa mambo kama haya, pamoja na mbegu za mboga, magonjwa ya nyanya na hasara baada ya mavuno. Ni kazi njema, na nchi inaihitaji. Fedha nazo zimefuata chakula na mauzo ya nje. TAHA, chama cha wadau wa kilimo cha bustani, kilianzishwa Arusha mwaka 2004, wakati maua ya waridi ya kaskazini yalikuwa yamekwisha kuingia soko la Ulaya.

Upandaji wa mimea ya mandhari umebaki nyuma. Mitaa ya Morogoro ina mikrismasi yenye asili ya Madagaska, jakaranda na bogonvilia za Amerika ya Kusini. Ni mimea mizuri na nisingependa ing'olewe. Ila kuna mlima wenye mimea isiyopatikana nje ya Tanzania, ukiwemo mti wa Allanblackia ulugurensis, na vitalu vya barabarani haviuzi hata mmoja wake. Nani anajua mbegu ya mti huo huota baada ya siku ngapi kwenye kitalu? Maswali ya namna hii ndiyo hasa kazi ya uzamili, kwa sababu yanahitaji miaka miwili ya majaribio, marudio na uvumilivu.

Lipo moja ambalo ningemkabidhi mwanafunzi hata kesho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Juu ya Morogoro vijito ni vingi, na bustani nyingi za mboga zipo karibu na maji kwa sababu ndipo mkulima anapoweza kumwagilia kiangazi. Kumfukuza kwa amri ni kurudia 1955. Utafiti utafute mimea ya mlimani ya kupanda katika mita hizo 60: ile inayoshika udongo, inayopendeza, na inayompa mwenye shamba kitu cha kuuza katika soko la Nyandira, Mgeta. Ufanyike shambani kwa mkulima, pamoja naye, kwa misimu isiyopungua mitatu ya mvua.