Umeme wa kombi ya zamani: historia yake, na kwa nini usifunge fyuzi kwa karatasi



Wengi mmezoea nikiandika hapa kuhusu mabanda ya kuku, mbolea na magonjwa ya migomba. Leo tuangalie umeme wa gari, na sababu ninayo. Mfugaji mmoja wa nyuki ninayemhudumia ana kombi ya Volkswagen ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyowahi kutembeza watalii. Ameiwekea kitanda na jiko dogo, na msimu wa kurina asali analala humo karibu na mizinga. Juzi alinipigia simu usiku: "Bwana shamba, kombi imetoa moshi, nimechomoa betri."

Asubuhi nilifika, nikamwamkia, tukafungua boksi la fyuzi. Fyuzi moja ilikuwa imezungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

"Mzee, hii kaweka nani?"

"Nimeweka mimi. Ilikuwa inakatika kila siku, nikachoka nayo."

Mzee wetu si mzembe. Alitaka gari lifanye kazi ambayo waya zake hazikuwekewa. Ili ulielewe kosa lake na usilirudie, inabidi tujue gari hili lilitoka wapi.

Gari la mizigo lililogeuzwa nyumba

Mwaka 1947 Ben Pon, Mholanzi aliyekuwa akiagiza magari ya Volkswagen, alichora kwenye daftari lake gari la umbo la sanduku lenye injini nyuma. Mchoro huo ndio uliozaa gari ambalo utengenezaji wake ulianza Wolfsburg, Ujerumani, Machi 1950. Moja ya aina zake iliitwa Kombi, kifupi cha neno la Kijerumani *Kombinationskraftwagen*, yaani gari la matumizi zaidi ya moja: siku za kazi linabeba mizigo, Jumapili linabeba familia. Neno hilo ndilo tunalotumia sisi hadi leo.

Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia, ya mji wa Wiedenbrück, ikaanza kutengeneza samani za kuweka ndani ya gari hilo ili watu walale humo. Kabati, meza, godoro, mahali pa kupikia. Chakula kilipoozwa kwa bonge la barafu ndani ya sanduku.

Angalia basi umeme ulikuwa na kazi gani: stata, taa, honi, wipa na vitu vichache vingine. Hakuna friji ya umeme, hakuna simu ya kuchaji. Waya zilipimwa kwa kazi hizo tu.

Jambo jingine la kukumbuka: betri iko nyuma pamoja na injini, lakini boksi la fyuzi na swichi viko mbele, chini ya dashibodi. Umeme unasafiri urefu wote wa gari kabla ya kuikuta fyuzi ya kwanza. Waya huo mkuu ukichubuka njiani na kugusa bodi, hakuna fyuzi ya kuuzuia. Ndiyo maana kwenye kombi ya zamani kukagua waya kunakuja kabla ya kununua kifaa chochote.

Kutoka volti 6 hadi volti 12

Kombi za mwanzo zilitumia volti 6. Mabadiliko ya kwenda volti 12 yalikuja na magari ya modeli ya 1967, yaliyoanza kutengenezwa Agosti 1966. Sababu ni hesabu rahisi. Taa za wati 60 kwa volti 6 zinavuta ampea 10. Kwa volti 12 zinavuta ampea 5. Tuseme waya unapoteza volti 0.6 ukipitisha ampea 10: hiyo ni asilimia 10 ya volti 6. Waya huohuo ukipitisha ampea 5 unapoteza volti 0.3, yaani asilimia 2.5 tu ya volti 12. Taa zinang'aa zaidi na stata inazunguka kwa nguvu.

Kwako wewe hii ina maana mbili. Kama gari lako ni la kabla ya hapo na mtu alilibadilisha kuwa volti 12, hakikisha balbu, wipa, redio na rilei ya indiketa navyo vilibadilishwa. Lakini waya nene za volti 6 usizitoe kama bado ni nzima. Zinabeba umeme wa volti 12 bila shida.

Kutoka dainamo hadi oltaneta

Dainamo ya zamani huzalisha umeme kidogo sana injini ikiwa inazunguka polepole. Ukisimama kwenye foleni usiku, taa hufifia. Wengi hununua betri mpya wakidhani ndiyo mbovu.

Diodi za silikoni ndizo zilizowezesha oltaneta kuingia kwenye magari ya kawaida, na Chrysler iliiweka kwenye Valiant ya mwaka 1960. Kombi za Volkswagen zilianza kuipata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo usikisie kwa mwaka wa gari peke yake. Fungua nyuma uangalie, maana nyingi zimeshabadilishwa injini.

Kama ni oltaneta, usichomoe betri injini ikiwa inanguruma "kujaribu kama inachaji". Volti hupanda ghafla na kuua diodi. Na usipuuze balbu ya taa ya chaji kwenye dashibodi. Umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha oltaneta, hivyo balbu ikiungua, oltaneta nzima kabisa inaweza kukataa kuchaji.

Miaka ya kila mtu kuwa fundi

Mwaka 1969 John Muir, mhandisi wa Kimarekani, alitoa kitabu *How to Keep Your Volkswagen Alive*, chenye michoro ya Peter Aschwanden. Alikiandika kwa ajili ya mtu asiyejua ufundi kabisa, na kikawafundisha wengi kushika spana wenyewe. Gari lilikuwa rahisi kiasi cha kuruhusu hilo.

Uhuru huo una upande wa pili. Kila mwenye gari alipoongeza redio, feni au taa, aliacha waya wake, na alipouza gari hakueleza alichofanya. Kombi iliyopita mikono mitano ina waya za watu watano. Ile ya mzee wetu ilikuwa na waya tatu nyuma ya dashibodi zisizokwenda popote, mmoja wao bado una umeme.

Kwa bahati nzuri Wajerumani waliweka namba kwenye vituo vya kuunganishia waya, na namba hizo hazikubadilika. Namba 30 ni chanya ya betri, ina umeme muda wote. Namba 15 hupata umeme ukiwasha funguo. Namba 31 ni hasi, yaani bodi. Namba 50 inakwenda stata. Ukizijua nne hizi, huhitaji kubahatisha.

Kosa la mzee lilikuwa wapi?

Alikuwa amechukua umeme kutoka kwenye waya wa taa ya ndani, akaunganisha inveta ya wati 300 ili azungushe mashine ya kukamulia asali jioni, milango ikiwa imefungwa nyuki wasiingie. Wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25, bila kuhesabu zinazopotea kwenye inveta yenyewe. Fyuzi ilikuwa nyeupe, ya ampea 8. Ilikatika kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake.

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunadhani fyuzi inalinda taa au redio. Fyuzi inalinda waya. Ukiifunga kwa karatasi ya sigara, waya wenyewe unageuka kuwa fyuzi, nao unapita nyuma ya godoro lako.

Mambo ya kufanya

1. Kabla ya kazi yoyote, fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Ukimaliza, urudishe mwisho.

2. Rudisha fyuzi za kipimo chake. Kwenye zile za zamani zenye umbo la risasi, nyeupe ni ampea 8 na nyekundu ni 16. Safisha ncha na vishikio vyake, kwani kutu huleta joto hata fyuzi ikiwa sahihi.

3. Kifaa kikubwa kipe waya wake mwenyewe, mnene, moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi iwe ndani ya shubiri moja kutoka chanya.

4. Betri ya pili ya kulalia iunganishwe kupitia rilei inayofunga pale tu gari linapochaji, ili usiku usimalize betri ya stata. Waya kati ya betri mbili uwe na fyuzi pande zote mbili, kwa sababu kila betri inaweza kuuchoma.

5. Betri ya maji usiiweke kwenye chumba unacholala bila njia ya hewa kutoka nje. Ikichajiwa inatoa gesi inayowaka.

6. Pima kwa multimita. Betri iliyotulia ikisoma volti 12.6 au zaidi imejaa, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, usiendelee kuitumia. Gari likichaji isome kati ya 13.8 na 14.4. Kisha washa taa, pima kati ya hasi ya betri na bodi. Ukiona zaidi ya nusu volti, eathi ni chafu. Kwangua kutu na ukaze.

7. Kila waya unapopenya bati, weka mpira. Na ukiwa nyuma, kagua mipira ya petroli, maana iko jirani na betri.

Kanuni hizi ndizo zilezile za betri ya sola nyumbani kwako, kwa hiyo hata usiye na gari una la kuchukua hapa.

Kwa mzee tulitumia siku moja na nusu. Tulitoa waya zote zisizo na kazi, tukaivutia inveta waya mpya wenye fyuzi, na tukaubadilisha ule ulioungua mita nzima, kutoka kwenye boksi hadi chini ya kitanda. Msimu huu karina asali yake na kuikamua humohumo. Boksi la fyuzi nimemwomba akae nalo na mfuniko wazi kwa wiki ya kwanza, awe analigusa kila jioni kama lina joto. Mpaka leo liko baridi.

Kazi njema.