Bomba (Unix)

Bomba katika utarakilishi ni njia ya kupitisha data kutoka mchakato mmoja hadi mwingine. Hutumika, kwa mfano, pale mchakato mzazi unapotaka kusoma matokeo ya mchakato mtoto badala ya kuyaacha yatokee kwenye skrini. Wazo ni la Douglas McIlroy wa Bell Labs, Marekani. Ken Thompson aliliingiza katika Unix mwaka 1973.

Mzazi huita pipe na kupewa namba mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuandikia, kisha humzaa mtoto kwa fork. Mtoto huunganisha namba 1, yaani tokeo lake la kawaida, na upande wa kuandikia kwa dup2, ndipo huanzisha programu nyingine kwa exec.

Mzazi asipofunga upande wake wa kuandikia, hataona kamwe mwisho wa data. Kosa jingine hujificha zaidi. Bomba lina kikomo, ambacho katika Linux kwa kawaida ni baiti 65,536. Mzazi akimsubiri mtoto amalize kabla ya kusoma, na mtoto akalijaza bomba, wote wawili hukwama, kila mmoja akimngoja mwenzake. Programu ya namna hiyo hufaulu majaribio yenye data chache, ikaja kukwama kazini. Kwa hiyo mzazi husoma kwanza mpaka mwisho, ndipo huita wait.