Dago Chini ya Mlima Meru

Wavuvi wa visiwani wana neno moja fupi lenye maana pana: dago. Wavuvi wa Kojani, zikiwadia nyakati za samaki wa mbali, huhama na vyombo na nyavu zao, wakapiga dago katika pwani ya watu wengine. Hapo hulala, hupika na kuanika. Alfajiri huingia baharini, na wakishavua hurejea papo hapo. Dago si kwao, wala si mwisho wa safari yao; ni mahali pa kulala ili pengine pafikike. Lakini hakuna dago lisilo na mwenyeji. Wakubwa wa mji huombwa idhini, na kitoweo hutoka chomboni kikaingia majikoni mwa watu. Heshima yote ya dago imo katika mapatano hayo.

Mji wa Arusha, kwa anayetaka kuyaona mashamba na vijiji vya Mlima Meru, ni dago la nchi kavu. Mlima huo una kimo cha zaidi ya mita 4,500, na chini yake wamekaa Waarusha na Wameru, baina ya migomba, kahawa na mifereji ya maji. Upande wa mashariki yako maziwa ya Momella na kreta ya Ngurdoto. Msafiri asiye na fedha nyingi huchukua chumba cha bei nafuu mjini, akatoka asubuhi kwa gari la abiria, jioni akarudi. Aghalabu uchaguzi huu huhesabiwa kuwa jambo la mfuko tu. Historia ya mji huu yaonyesha kuwa ni zaidi ya hapo, kwani kila zama mahali alipolala mgeni ndipo palipoamua nani awe mwenyeji, na nani ageuzwe kuwa sehemu ya mandhari.

Katika karne ya 19, wageni waliokuja kwa wingi walikuwa watu wa misafara ya pembe kutoka pwani, hasa Pangani. Miongoni mwa viongozi wa misafara hiyo alikuwa Jumbe Kimameta, ambaye uzoefu wake wa njia za Umasaini ulitegemewa hata na wasafiri wa Kizungu. Mwaka 1887 alifuatana na Count Teleki katika safari iliyopita Meru. Msafara ulilala nje ya makazi ya watu, ndani ya ua wa miba. Ulilipa hongo kwa wakuu wa nchi, na vyakula ulivinunua kwa shanga, nguo na nyaya za madini. Misafara hiyo haikuwa ya malaika, kwani ilibeba bunduki na baadhi yake ilibeba watumwa. Hata hivyo, juu ya mahali pa kulala palikuwa na kanuni isiyo shaka: mgeni hulala anapoonyeshwa, na kwa idhini.

Kanuni hiyo ilivunjika mwaka 1896. Mwezi Oktoba mwaka huo wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, walipiga hema Akeri, kwenye miteremko ya Meru, wakiwa na nia ya kukaa. Waliuawa usiku. Malipizi ya Wajerumani, chini ya Kapteni Johannes, yalikuwa makali: nyumba zilichomwa moto, mifugo ikatekwa, watu wakauawa. Kisha likajengwa Boma, lililosimama karibu na mwaka 1900 kwa kazi ya kulazimishwa ya wale wale walioshindwa. Tangu hapo mgeni hakuomba tena pa kulala; alijijengea, na mwenyeji ndiye aliyebeba mawe.

Mji ukachipuka kulizunguka Boma. Chini ya Waingereza ulikua, na mwishoni mwa miaka ya 1920 reli ikauunganisha na Moshi na bandari ya Tanga. Hoteli ya New Arusha ikajinadi kuwa ipo katikati ya njia baina ya Cape na Cairo. Maneno hayo yaupime mji kwa jicho la nani? Si kwa jicho la mama wa Kimeru anayeteremsha ndizi sokoni, kwake yeye Arusha ipo baina ya shamba na soko. Ni kwa jicho la mpita njia tu. Ndani ya hoteli kama hizo, Mwafrika wa siku zile alijulikana kwa sinia alilobeba.

Baada ya mji, ilifika zamu ya ardhi yenyewe. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika eneo la Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili pagawiwe walowezi kwa ufugaji. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hawakurudishiwa ardhi kwa safari ile, lakini dunia ilisikia kwamba mlima una wenyewe. Miaka michache baadaye Howard Hawks alipiga picha za filamu ya Hatari! huko Tanganyika, Momella ikiwa miongoni mwa mahali alipopigia. Ilianza kuonyeshwa mwaka 1962. Jina la filamu ni la Kiswahili. Mashujaa wake wote ni wageni. Mmoja wa waigizaji, Hardy Krüger, alinunua ardhi Momella na baadaye pakawa malazi ya watalii. Ngurdoto nayo ilikwisha tangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1960, na mwaka 1967 hifadhi hiyo, iliyokwisha kupanuliwa hadi kreta ya Meru, ikapewa jina la Arusha. Wanyama walipata hifadhi, na hilo ni jema. Ila picha iliyosambaa duniani ilikuwa ya mlima usio na watu.

Mwaka huo huo wa 1967 mtaa mmoja wa mji huu uliingia katika vitabu. Kaloleni ni jina asiloliona geni mtu wa pwani, kwani lipo Kilifi, tena Nairobi na Kisumu. Katika ukumbi wa jamii wa mtaa huo, mwishoni mwa Januari, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Miongoni mwa masharti ya viongozi lilikuwamo hili: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ilifuata sheria ya kutwaa majengo ya kupangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Swali la kitanda, nani akimiliki na nani akilipie, likawa swali la siasa.

Likawa pia swali la mipaka. Mwaka 1970 wasomi wa Dar es Salaam walijadiliana gazetini iwapo utalii waweza kukaa nyumba moja na ujamaa. Mijadala hiyo ilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu cha mwaka 1973. Wakati huo watalii wengi walilala Nairobi, wakaja kuziona Ngorongoro na Serengeti, kisha wakarejea kula na kutumia huko huko walikotoka. Tanzania iliona kuwa imebaki na vumbi la magari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Sababu za kuufunga zilikuwa nyingi, na dago la mgeni lilikuwa mojawapo.

Milango ya nyumba ndogo za kulala wageni ilifunguka zaidi baada ya mwaka 1991, pale Azimio la Zanzibar lilipolegeza masharti ya uongozi na biashara ya watu binafsi ikapumua. Gesti zilijipanga Kaloleni na Levolosi, jirani na uwanja wa mpira wenye jina ambalo mpenzi wa ushairi hawezi kulipita bila kusimama: Sheikh Amri Abeid. Ndiye yule Kaluta Amri Abeidi, mzaliwa wa Ujiji, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, waziri, aliyefariki mwaka 1964. Ndiye pia aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954 kilichofunza wengi mizani na vina. Msafiri anayelala kando ya uwanja huo analala, ajue asijue, chini ya jina la malenga.

Chumba chenyewe hakina makuu: kitanda, chandarua, ndala za plastiki, na maji ya moto katika ndoo kwa sababu baridi ya Meru haina mzaha. Mgeni huandika katika daftari jina lake, anakotoka na anakokwenda. Asubuhi hunywa chai na chapati, au mtori, pamoja na dereva wa lori, mchuuzi na mzazi aliyeleta mtoto hospitali. Wenye hoteli kubwa hawawaoni watu hao. Mwenye gesti huamkiana nao.

Kutoka hapo ndipo vijiji vinapofikika. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, baadhi ya vijiji vilianza kupokea wageni vyenyewe. Ng'iresi, kwa Waarusha, huonyesha mifereji, mashamba na nyumba. Mulala, kwa Wameru, akina mama hutengeneza jibini. Mkuru, kaskazini ya mlima, kuna ngamia. Kiongozi wa matembezi ni kijana wa hapo, na sehemu ya malipo huingia katika kazi za kijiji kama shule. Huo ni mfano wa hongo ya zamani, uliorudi kwa sura ya stakabadhi.

Pamoja na hayo, gesti haina baraka ya kujizalia. Mgeni anayelala Kaloleni lakini akakodi gari na kiongozi kwa dalali wa barabarani, yule ambaye Unguja huitwa papasi, hukipitia kijiji kama waliopita na kamera kabla yake. Nayo Arusha, iliyopokea Mahakama ya Rwanda kutoka miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwaka 2015, inajua jinsi wageni wenye fedha wanavyopandisha kodi za nyumba. Watu wa Mji Mkongwe wanalijua hilo pia, waliokwisha kuona nyumba za jamaa zikigeuka hoteli, na jamaa wakihamia Ng'ambo.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apone kwa kutazamwa. Mvuvi wa Kojani hulijua hilo kabla hajatua nanga: huuliza kwanza pwani hii ni ya nani, kisha ndipo hukunja tanga.